Shimo la Momiji Kule Wundanyi

Dubai,
Jumapili, baada ya alasiri

Kwako Mama, mavyaa wangu,

Assalaam aleikum. Nakubusu mkono kutoka huku niliko. Vipi goti? Bado linakushika ukiinuka kwenye sijida, au ile dawa ya kuchua niliyokuletea mwaka juzi imesaidia kidogo? Na Rukia, kifua chake kimetulia au bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Nakula nikikumbushwa. Zaidi ya hapo sina habari itakayokufurahisha, na nimeona nisikutungie.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hatusemezani tena. Wewe ukianza kulia mimi nafuata, halafu tunaagana kila mtu na lake moyoni. Barua hii anakuletea dada mmoja wa Ukunda ambaye anafanya kazi nyumba ya pili kutoka yetu, anakuja likizo. Najua atakayekusomea ni Rukia. Rukia mwanangu, soma polepole, na ukifika pahali pa baba yako usiruke. Nyanya yako anajua ukiruka.

Mama, umeniuliza mara mbili habari za lile shimo. Umesema Mzee Mwakio wa Wundanyi amepiga simu, mvua zimekaribia, anataka kupanda kabeji, na ndama wake nusura avunjike mguu mle ndani. Anataka kujua kama mti wa marehemu unakuja au hauji, ili kama hauji afukie. Nawe ukaniambia hujui umjibu nini kwa sababu mti wenyewe hujawahi kuuona. Una haki kabisa. Mwanao Kassim hakuwa na hata mche wa pilipili hapo nyumbani, leo unasikia alichimba shimo mlimani kwa watu. Ngoja nikueleze mti huo ni upi, kisha nikujibu.

Huyu mama ninayemfanyia kazi unamjua kwa jina. Wenzangu wote hapa wana madam na sir. Mimi siku ya kwanza nilimwita madam, akaniambia madam yuko hotelini, yeye ni Bi Zuwena. Asili yao Unguja, wamehamia huku kabla mimi sijazaliwa, na Kiswahili chake bado kinanyooka kuliko changu. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akinunua magari Japani. Wanaume wengine wakitoka safari huleta vitambaa na manukato. Yeye safari moja alirudi na mche mdogo ndani ya kikopo, mizizi imefungwa kitambaa kibichi. Mwaka uliofuata akaleta mwingine wa aina nyingine. Ni mepo za Kijapani, miti ya nchi za baridi ambayo majani yake hugeuka rangi kabla ya kudondoka, lakini humu ndani tunaziita momiji kama alivyoziita yeye. Alipofariki alikuwa amejaza chumba. Kiko upande wa nyumba usiopigwa na jua, ukuta mzima kioo, na esii yake, mashine ya kupoza hewa, haizimwi mchana wala usiku.

Mwanzoni niliona ni wazimu wa watu wenye nafasi. Nje lami inayeyuka, ndani watu wanapepea miti. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuweka ndoo chini ya kila bomba la esii nyumba nzima, kukinga yale matone. Maji ya mfereji ya huku yametoka baharini, hata yakisafishwa chumvi haiishi, na momiji ikionja chumvi inaungua kuanzia nchani. Maji ya esii ni kama mvua. Kwa hivyo kila asubuhi nilikuwa nazunguka na ndoo zangu kama muuza maji.

Basi siku moja mwezi wa pili nikaingia na ndoo, nikakuta vijiti vilivyokuwa vitupu vimetoa majani yaliyokunjwa kama ngumi za mtoto mchanga. Kesho yake ngumi zimelegea. Kesho kutwa vidole. Mama, nilikaa chini sakafuni. Sikuwa nimepanga kuupenda mti wa mtu. Tangu hapo nikawa ndiye ninayeamka kwanza kwenda kuangalia, na Bi Zuwena akaona, akaanza kunifundisha. Alinifundisha kukata tawi bila kuliacha kovu baya, kubadilisha udongo kwa vijiwe vyepesi vyenye matundu ili mizizi ipumue, na kumvisha mti waya wa kunyoosha matawi kisha kumvua kabla waya haujamng'ata. Majina yao ya Kijapani yalitushinda, tukawapa yetu. Kuna Bi Arusi, mwekundu mwaka mzima, matawi yameinama kama mwenye haya. Kuna Kimia, majani yake yamechanikachanika kama lesi ya shela. Kuna mmoja mbishi ambaye kila mwaka anachelewa kuchipua mpaka tunamkatia tamaa, huyo tunamwita Shemeji.

Na hebu mwambie mdogo wangu Shamsa acheke hapa: miti hii ina kulala. Isipopata baridi ya kutosha haichipui vizuri, inadhoofika mwaka hata mwaka. Baridi ya Dubai haiwatoshi. Sasa Nassor, mtoto wa Bi Zuwena, alikuwa na mkahawa mtaa wa Al Rigga ukafungwa, akaleta nyumbani lile friji la kioo la kuuzia soda. Sisi tukalifanya kitanda. Majani yakishadondoka, ile midogo tunaipanga kwenye rafu palipokuwa pa soda, tunazima taa yake, tunaifungia ilale. Wageni wakija wanafungua wakitafuta kinywaji, wanakuta vijiti.

Nilifurahi, Mama. Nataka ulijue hilo kabla ya yanayofuata. Watu wa huku tukipiga simu nyumbani tunasema tu kazi ngumu, jua kali. Mimi nilikuwa na furaha humu ndani na sikumficha Kassim. Kila jani jipya nilimpigia picha. Yeye mwanzo alinitania. Aliniuliza kama nimepanda ndege mpaka Uarabuni kwenda kubembeleza vijiti, na akasema akisimulia kwa madereva wenzake watamwambia mkeo amerogwa. Lakini picha isipokuja siku mbili, mwenyewe anauliza: Bi Arusi hajambo?

Mbegu za momiji zina mbawa mbili, ukizirusha zinazunguka. Mwaka ule Bi Zuwena alinipa konzi moja kutoka kwa Bi Arusi, nikaziweka ndani ya mchanga mbichi kwenye friji la jikoni, chini ya bamia, zikalala miezi mitatu. Konzi nzima ikaota mbegu moja. Bi Zuwena akasema huyu aliyeota ni wako, utaondoka naye siku utakayoondoka. Nilimpigia Kassim nikamwambia tumepata mti. Akafurahi kama nimemwambia nina mimba. Nilimweleza wazi kwamba kwetu Mtongwe, pwani, hautaishi, joto letu litaumaliza kwa msimu mmoja. Akasema sawa, akakata simu. Nikadhani yameishia hapo.

Wiki ile ile akanipigia akiwa juu ya lori, kabeji zinapakiwa nyuma yake nasikia wakihesabu.

"Mwanajuma, nshapata pahala. Hapa kwa Mzee Mwakio, asubuhi maji ya birika yauma meno. Amenipa pembe ya shamba bure. Nshaanza kuchimba."

Nikamwambia mti wenyewe ni kama kijiti cha kiberiti.

"Wewe lete. Mimi na wewe tutakuja kuketi chini yake tukiwa wazee. Huko pwani wakae wao na joto lao."

Halafu akatuma picha. Amesimama ndani ya shimo, limemfika kiunoni, jembe begani, meno yote nje. Nilimwonyesha Bi Zuwena. Alicheka mpaka akavua miwani. Mizizi ya momiji haiendi chini, inatambaa juu juu, beseni moja la udongo lingetosha. "Huyu mumeo," akasema, "katuchimbia kisima." Tukakubaliana kwamba mkataba wangu ukiisha nitarudi mwezi ambao mti umelala, mizizi imeoshwa na kufungwa kitambaa kibichi, vilevile alivyoingia yule wa kwanza. Nassor angenifuatilia vibali vya kusafirisha mmea. Miaka miwili yote hiyo kila nikichoka nilikuwa nalitazama lile shimo kwenye simu.

Sasa nafika pale. Rukia, usiruke.

Siku ile niliposikia, nilikuwa nimeshika ndoo. Mpaka nimeelewa maneno ya shemeji Bakari kwenye simu, mlikuwa mnasubiri alasiri mumzike. Presha, hospitali, khalas. Asubuhi ile ile Kassim alikuwa amenitumia sauti akiuliza kama Bi Arusi hajambo.

Nimesikia yanayosemwa hapo mtaani, kwamba mke gani huyo asiyekuja kukaa eda nyumbani kwa mumewe, Wazanzibari wamemfunga. Hawakunifunga. Nassor alikuwa na simu mkononi akitaka kukata tiketi jioni ile ile. Mimi ndiye niliyekataa, na Bi Zuwena akanitetea kwamba wako masheikh wanaosema eda hukaliwa pale habari ilipomkuta mtu. Lakini kweli yake, Mama, si masheikh. Mtongwe nikiingia nitakuta kitanda hakina mtu. Hapa Dubai Kassim hajawahi kukanyaga, alikuwa kwenye simu tu. Nikibaki hapa, ni simu tu ambayo haijalia. Niliona hilo nitaliweza. Siliwezi.

Bi Zuwena alinitandikia godoro kwenye chumba cha miti. Alisema yeye mwenyewe alikaa eda yake mle, kuna ubaridi na hakuna mwanamume anayepita. Nikavaa nyeupe, nikaacha hina, nikaacha udi. Nilikuwa sili wala sisemi. Akaagiza kombe kwa mwalimu wao mmoja mzee, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi ya mawaridi na maji ya Zamzam ambayo nduguze humletea wakitoka Maka. Kila asubuhi ananiletea bilauri, ananisimamia nipige funda, kisha anatoka kwenda kuswali dhuha. Nilikuwa nikipiga mawili, bilauri naiweka chini.

Sasa wewe ndiye uliyenifundisha, wakati wa degedege la Rukia, kwamba kombe halimwagwi chooni wala kwenye sinki. Lililobaki linapewa udongo safi ambao mguu haukanyagi. Mtongwe udongo uko tele. Nyumba hii ua wote umejengewa marumaru. Udongo safi uliokuwa karibu yangu ulikuwa kwenye chungu kimoja, kando ya mto wa kulalia, na ndani yake mlikuwa na mti wa Kassim. Nikamwaga pale. Kesho yake tena. Sikuwa na akili ya kufikiri habari ya chumvi, mimi niliyekinga matone ya esii miaka yote hiyo. Nilikuwa nafikiri kwamba ile dua mimi sina kazi nayo, bora imfikie yeye. Nilikuwa hata nanong'ona jina lake nikimimina.

Majani yakaanza kukauka nchani, kisha pembeni, yakajikunja kama karatasi iliyosogezwa motoni. Nilidhani unalia na mimi. Kwa kweli nilifarijika, Mungu anisamehe.

Bi Zuwena aliuona siku aliyokuja kunisuka nywele. Aliacha kitana, akainama, akanusa udongo. Ulikuwa unanukia mawaridi. Mimi niliyekatazwa manukato, mti wangu ndio uliokuwa umejipaka.

"Mwanajuma, ulikuwa unampa nini huyu?"

Nikamwambia kombe. Alikaa kwenye godoro langu, akakipakata kile chungu.

"Mwanangu, dua ni yako. Huyu hajui kunywa ila mvua."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kujibu. Badala yake akaanza kujilaumu mwenyewe, kwamba ni yeye aliyeleta bilauri na kuondoka, na Zamzam ni maji ya baraka yenye madini yake, ni shibe ya binadamu, si ya mti wa milima ya Japani. Tuliung'oa pale pale. Tukauosha mizizi kwa maji ya esii ndani ya beseni, ndoo baada ya ndoo. Ncha za mizizi zilizotakiwa kuwa nyeupe zilikuwa za kahawia, ukizigusa ganda linabanduka. Tukakata zilizooza, tukauweka kwenye vijiwe vipya, tukaufunika mfuko ili usipigwe na upepo wa esii. Bi Zuwena alifanya yote hayo kwa magoti yake yanayomuuma, hakutaka nimsaidie kubeba.

Yalibaki majani mawili. Kisha moja. Kisha Bi Zuwena akanionyesha namna ya kuuliza mti kama ungali hai: unakwangua gome kwa ukucha, kidogo sana. Ukikuta kijani chini yake, kuna uhai. Ukikuta kahawia, unashuka chini, unakwangua tena, mpaka ukutane na kijani, na hapo ndipo unapokata. Nilikwangua juu kabisa, kahawia. Nikamwambia Bi Zuwena tungoje, tusiusumbue. Kila baada ya siku chache nilikuwa nashuka kidogo, ukucha mmoja tu, kisha naacha. Nilikuwa naogopa kufika chini.

Wakati huu miti mingine imeanza kugeuka rangi. Bi Arusi amewaka, Kimia amekuwa rangi ya chungwa, hata Shemeji mwaka huu hakuchelewa. Chumba kimekuwa kizuri mpaka kinanikera. Mti wa Kassim haukupata kugeuka; ile miaka ya utoto wake ulidondosha majani bila kuwaka. Mwaka huu yalikauka kabla ya wakati, rangi yake hatukuijua wala hatutaijua. Nawatazama hawa wengine wakijiandaa kwenda kulala kwenye friji lao, wana uhakika wa kuamka, nami nawaonea wivu, miti. Nimefika hapo.

Kila mtu ananiambia itapita. Haijapita hata kidogo. Eda inakaribia kuisha, wanawake wa huku wanapanga kunikosha na kunifukiza udi nitoke, na mimi sijui natoka kwenda wapi. Rukia, najua upo, mwanangu. Usidhani sikukutaja. Nitakuja kwa ajili yako, mkataba ukiisha nitakuja, na nitapika na kufua na kukusikiliza masomo yako. Lakini sitakudanganya kwamba atakayekuja ni yule mama uliyemsindikiza uwanja wa ndege. Yule alikuwa na shimo la kurudia.

Mama, leo kabla sijashika kalamu nilikwangua pale mwisho, karibu na udongo. Bi Zuwena alinishikia taa. Ni kahawia mpaka chini. Alizima taa akaenda kutawadha.

Basi jibu ni hilo. Mwambie Mzee Mwakio mti hauji. Afukie, apande kabeji zake. Mwambie namshukuru kwa pembe ile ya shamba, na kwamba Kassim alizidisha kina kwa sababu hakujua, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia mapema. Asimcheke.

Nisalimie mdogo wangu Shamsa, mwambie asiache kulala hapo kwako siku za Ijumaa. Nisalimie shemeji Bakari, mwambie namshukuru kwa yote aliyoyafanya siku ile, na anisamehe sikuweza kumjibu. Nisalimie mama jirani wa ng'ambo ya ua, aliyekuletea uji wiki nzima, na mwalimu wa madrasa aliyemsomea Kassim khitima. Na dereva mwenzake wa lori, yule aliyekuwa akimtania habari ya vijiti, mwambie simu yake niliiona.

Limebaki moja. Bakari alinitumia picha ya kaburi siku ile ile ya mazishi, sikuifungua mpaka leo. Nimeifungua sasa hivi, baada ya kuandika salamu. Nimeona jinsi mlivyolisawazisha vizuri, na nimeona mmempandia mrehani upande wa kichwa. Sijui kama umeshika au umekauka. Mama, nakujua, najua utataka kuumwagilia marashi kila Ijumaa ukienda kumsomea. Nakuomba usimwagie. Mpe maji matupu. Kama mvua ikinyesha, usimpe kitu.

Mkaza mwanao,
Mwanajuma, Mama Rukia